Hirola wa Tsavo: Kwa nini mgeni wa Voi hakuongezeka?

DESEMBA 1995 watafiti waliwahesabu hirola waliokuwa katika Mbuga ya Taifa ya Tsavo Mashariki, wakapata 76. Miezi minane baadaye, Agosti 1996, wanyama wengine 29 wa aina hiyo waliletwa mbugani humo kutoka makazi yao ya asili, ng'ambo ya Mto Tana. Angalau sita kati yao walikuwa na mimba.

Kwa hesabu ya kawaida, Tsavo ilipaswa kuwa na hirola zaidi ya 100 kabla ya mwaka huo kwisha. Hesabu ya Desemba 2000 ilipata 77. Makadirio ya mwaka 2011 yakarudi pale pale pa mwanzo: 76.

Tarakimu hizo chache zinaeleza habari ya uhifadhi kwa uwazi kuliko hotuba nyingi. Zinaeleza kwamba mnyama anaweza kupewa mbuga kubwa kuliko zote nchini, akawekewa askari wenye bunduki, akatajwa katika sheria, na bado asiongezeke.

Mji wa Voi, ulio kwenye lango la Tsavo Mashariki, ni mwenyeji wa shughuli za uhifadhi za kila aina. Ipo Siku ya Wanyamapori Duniani, inayoadhimishwa kila Machi 3 tangu Umoja wa Mataifa uipitishe mwaka 2013. Yapo pia maonyesho, semina na vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mipango ya mbuga.

Utaratibu wake unajulikana. Wanafunzi hughani ngonjera, miche hupandwa, wageni wa heshima husoma risala, na mwishoni wananchi huahidiwa kwamba kilio chao kuhusu ndovu kimesikika. Katika shughuli kama hizo hirola hupata sifa ya kuwa mnyama adimu kuliko karibu wanyama wote wakubwa wa Afrika. Sifa hiyo ni ya kweli. Linalohitaji kuulizwa ni kama sifa hiyo imemsaidia.

Mnyama wa nyika za Pwani

Hirola ni jamaa wa kongoni na nyamera. Rangi yake ni ya mchanga, pembe zake zimepinda kama zeze, na usoni ana mstari mweupe unaounganisha jicho hadi jicho kama miwani. Chini ya kila jicho ana tezi kubwa nyeusi, na kwa sababu hiyo wengine humwita swala mwenye macho manne.

Wataalamu wa Ulaya walimtambua mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mwindaji Mwingereza H.C.V. Hunter kumkuta kwenye Mto Tana mwaka 1888. Kutokana na mwindaji huyo alipata jina la kisayansi la Beatragus hunteri. Wafugaji wa nyika hizo walimfahamu kabla ya hapo kwa vizazi vingi, wakichunga ng'ombe wao katika mbuga zile zile alizokula yeye.

Makazi yake ya asili ni nyika za Pwani zilizo kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia: Ijara na Garissa kusini, hadi zinapopakana na misitu ya Lamu. Upande wa Somalia, vita na kusambaratika kwa serikali baada ya 1991 viliacha wanyamapori bila mlinzi. Kwa hiyo Kenya ndiyo iliyobaki na dhamana yake.

Katika miaka ya 1970 hirola walikadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Kisha yakaja maradhi ya sotoka pamoja na ukame. Kati ya 1983 na 1985 idadi yao iliporomoka kwa asilimia 85 hadi 90. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu hirola 497 nchini kote.

Uzito wa tarakimu hiyo unatokana na jambo moja. Hirola ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake. Kongoni akitoweka mahali fulani, wako kongoni wengine kwingineko. Hirola akitoweka, ukoo mzima utakuwa umefutika, na wataalamu wanasema hilo litakuwa tukio la kwanza la aina yake kwa wanyama wanyonyeshao katika bara la Afrika katika zama hizi.

Safari mbili za kuja Tsavo

Hirola si mwenyeji wa Tsavo. Aliletwa kama mgeni, mara mbili, na kila mara kwa hoja ya kumwekea akiba iwapo makwao pangeharibika.

Mara ya kwanza ilikuwa 1963, mwaka wa uhuru. Idara ya Wanyamapori ya wakati huo iliwaachilia Tsavo Mashariki hirola wapatao 30. Inakadiriwa kwamba waliosalimika na kuanzisha kizazi cha Tsavo walikuwa kati ya 11 na 19 tu. Hirola wote waliozaliwa mbugani humo kwa zaidi ya miaka 30 walitokana na kundi hilo dogo.

Kwao wenyewe, serikali ilitenga Hifadhi ya Arawale mwaka 1974 kwa ajili yao. Lakini hifadhi ya kwenye karatasi haizuii sotoka wala bunduki, na katika miaka ya misukosuko ya usalama Kaskazini Mashariki Arawale ilibaki bila usimamizi wa maana. Ndipo katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likaamua kuhamisha wanyama wengine kuja Tsavo.

Safari hii wenyeji walikataa. Wakazi watano wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi na kuwasilisha kesi ya madai namba 2059 ya mwaka 1996 dhidi ya KWS, wakitaka shirika hilo lizuiwe kuwahamisha hirola kutoka ardhi yao.

Mahakama ilikubaliana nao. Ilieleza kwamba, kwa mila za watu wa eneo hilo, wenye haki ya kutumia ardhi wana haki pia ya matunda yake, wakiwemo wanyama na mimea, isipokuwa pale sheria ilipobadilisha jambo hilo. Ikasema pia kwamba KWS ingekuwa inavuka mipaka ya mamlaka yake kama ingewaondoa wanyama katika makazi yao bila idhini ya wazi ya watu hao.

Kesi hiyo haikufuta safari ya wale 29 waliofikishwa Tsavo mwaka huo. Hata hivyo, iliacha msingi ambao wanasheria wa mazingira wanaendelea kuurejea: mnyamapori si mzigo wa kuchukuliwa na kupelekwa popote kwa uamuzi wa ofisi.

Waliokwenda mahakamani hawakuwa maadui wa hirola. Katika jamii za wafugaji wa Ijara, wazee husimulia kwamba hirola kuonekana karibu na ng'ombe ni dalili ya baraka na afya ya malisho. Walichokipinga ni kuambiwa kwamba mnyama waliyeishi naye miaka yote sasa yuko salama zaidi akiwa mbali nao. Walijua pia kwamba mnyama adimu huvuta watalii na fedha, na kwamba vyote viwili vingehamia Tsavo pamoja naye.

Kilichomkwamisha mgeni

Lakini haki ya mwenyeji ni jambo moja na uhai wa mnyama ni jambo jingine. Kama hirola 29 wangeletwa Tsavo na kuzaana hadi kufika 500, wengi wangesema leo kwamba ofisi ilikuwa na haki ya kutosubiri. Ndiyo maana tarakimu za 1995 hadi 2011 zina maana kubwa. Zinaonyesha kwamba njia hiyo, hata ikipimwa kwa kipimo chake yenyewe, haikutimiza lengo.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na hakuna moja inayobeba lawama peke yake.

Ya kwanza ni wanyama walao nyama. Tsavo ina simba, duma, fisi na mbwa mwitu. Hirola ni mpole na huzaa mtoto mmoja kwa wakati. Kundi dogo likipoteza ndama wake kila msimu halikui, hata kama watu wazima wake wamelindwa dhidi ya majangili.

Ya pili ni ukame. Tsavo ni nchi kavu, na historia yake ina makovu ya njaa ya wanyama. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa huko. Karibu zaidi na wakati wetu, taarifa ya serikali ya Novemba 2022 ilisema ndovu 205 na pundamilia 49 wa aina adimu ya Grevy walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo. Mnyama wa kawaida hupoteza sehemu ya idadi yake na kuirudisha mvua inaponyesha. Mnyama mwenye 76 tu hana nafasi hiyo.

Ya tatu ni maradhi. Hirola walihamishwa ili waepushwe na hatari za kwao, ikiwemo sotoka, lakini sotoka hiyo hiyo ililipuka Tsavo mwaka 1994 na kuua nyati na tandala. Dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2011, baada ya kisa cha mwisho kuthibitishwa Kenya mwaka 2001. Kati ya 1994 na wakati huo, akiba iliyokusudiwa kuwa salama ilikuwa imewekwa ndani ya nyumba iliyokwisha kushika moto.

Ya nne ni nyasi. Hirola anahitaji uwanda wa wazi wenye nyasi fupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika makazi yake ya asili eneo lenye miti liliongezeka kwa asilimia 251 kati ya 1985 na 2012. Sababu kuu mbili ni mifugo kula nyasi kupita kiasi na kutoweka kwa ndovu, ambao huangusha miti na kuacha uwanda wazi.

Hapo ndipo mambo ya Voi na ya Ijara yanapokutana. Ndovu anayelaaniwa na mkulima wa Taita kwa kuvunja migomba yake ndiye aliyekosekana Ijara hadi vichaka vikafunika malisho ya hirola. Anayezungumzia kumlinda hirola bila kumzungumzia ndovu, ng'ombe na nyasi anazungumzia kipande tu cha habari.

Njia ya Ishaqbini

Wakati hesabu ya Tsavo ikisimama pale pale, wakazi wa Ijara walijaribu njia nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 walitenga sehemu ya ardhi yao karibu na Mto Tana na kuanzisha hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, wakisaidiwa na shirika la Northern Rangelands Trust na KWS. Walinzi walitoka katika jamii zile zile zilizolalamika mahakamani miaka ya nyuma.

Mwaka 2012 walikwenda hatua mbele. Walizungushia uzio eneo la takriban kilomita 27 za mraba ili kuwazuia wanyama walao nyama, kisha wakaingiza humo hirola 48. Baada ya miaka michache idadi hiyo ilikuwa imevuka 100.

Tofauti ya matokeo inaonekana bila darubini. Tsavo Mashariki, yenye zaidi ya kilomita 13,000 za mraba, hirola 76 waliongezewa 29 wakabaki 77. Ishaqbini, katika kipande cha ardhi kisichofika hata sehemu moja kati ya mia nne ya Tsavo, 48 waliongezeka zaidi ya maradufu.

Ni kweli kwamba uzio ulifanya kazi kubwa, na haki inadai usemwe wazi. Ndama asiyeliwa na simba hukua, awe juu ya ardhi ya jamii au ya serikali. Lakini uzio huo ulijengwa juu ya ardhi ya watu, kwa kukubali kwao, na unahitaji kulindwa nao kila siku. Jamii iliyonyang'anywa mnyama wake isingekubali kunyang'anywa malisho pia kwa ajili yake.

Isidhaniwe kwamba kila kinachoitwa hifadhi ya jamii kina ridhaa ya jamii. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti hiyo, ikiwemo Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Miaka 29 baada ya kesi ya hirola, hoja iliyokuwa mbele ya mahakama ilikuwa ile ile: nani aliulizwa?

Mwenyeji wa Tsavo naye je?

Swali hilo halimhusu mfugaji wa Ijara peke yake. Linamhusu pia mkazi wa Taita Taveta, ambaye ardhi yake ndiyo iliyompokea mgeni.

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1948, chini ya ukoloni. Wawata, waliokuwa wakiwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, waligeuka kuwa majangili katika nchi yao wenyewe, na katika miaka ya 1950 wengi wao walifungwa jela. Wafugaji na wakulima wa pembezoni walipoteza malisho na njia za maji.

Leo mbuga mbili za Tsavo zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Sehemu inayobaki inagawanywa kati ya vilima vya Taita vyenye watu wengi, ranchi, mashamba ya mkonge, miji na vijiji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hiyo, na wengi wao wanaishi umbali ambao ndovu huukata kwa usiku mmoja.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika vijiji vya Sagalla, Kasigau, Mbololo na Mwatate mwenyeji mara nyingi husubiri kupona kwa muda mrefu. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Malalamiko ya kucheleweshwa kwa malipo yamekuwa wimbo wa kila mkutano tangu hapo.

Viongozi wa kaunti kwa upande wao wamekuwa wakidai mgawo wa mapato ya mbuga hizo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe kwamba manufaa ya maliasili yanagawanywa kwa usawa. Mwananchi wa Voi anaisoma Katiba hiyo hiyo, kisha anayaona magari ya watalii yakipita mjini kwake kuelekea getini.

Mambo haya yanamhusu hirola moja kwa moja. Kila ukame unapokuja, mifugo huingizwa Tsavo kwa maelfu, na nyasi ambazo hirola angekula huliwa na ng'ombe. Askari huwatoa, wafugaji hurudi. Jirani ambaye haoni faida ya mbuga hana sababu ya kuiacha ipumzike wakati ng'ombe wake wanakufa.

Ipo mifano ya hapa hapa inayoonyesha kwamba jirani akishirikishwa mambo hubadilika. Huko Sagalla, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Mkulima huvuna mahindi yake, na asali juu yake. Katika hifadhi ya Lumo, iliyotokana na muungano wa ardhi ya Lualenyi, Mramba na Oza, wenye ardhi wenyewe ndio waliokubaliana kuwatengea wanyama nafasi.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wahifadhi wanaosema kwamba ridhaa ni jambo jema lakini mnyama aliyebakiwa na mia chache hawezi kusubiri vikao. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kama hirola wasingeletwa Tsavo mwaka 1963, kusingekuwa na kundi lolote nje ya makazi ya asili wakati sotoka ilipoyafyeka makundi ya Garissa miaka 20 baadaye. Akiba, hata ikiwa ndogo, ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Wanaongeza kwamba hali ya usalama mpakani bado ni tete. Mashambulizi ya kundi la Al-Shabaab katika Garissa na Lamu tangu 2011 yamewafukuza watalii na kuwazuia watafiti. Kuweka hirola wote upande mmoja wa Mto Tana kungekuwa kucheza kamari.

Yote hayo ni kweli, nayo yanahalalisha kuwepo kwa kundi la pili. Hayahalalishi namna kundi hilo lilivyoletwa mwaka 1996, wala kuachwa kwake baadaye bila mpango unaolingana na udogo wake. Akiba huwekwa mahali pa kukua. Kumshusha mnyama kutoka kwenye lori, kufungua mlango na kumwachia Tsavo yote ni kumwekea akiba mahali ambapo simba ndiye mtunza hazina.

Isitoshe, kuuliza hakuchelewi kama inavyodhaniwa. Kati ya kesi ya 1996 na uzio wa Ishaqbini ilipita miaka 16. Sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kujenga upya imani iliyovunjwa. Kama wenyeji wangeulizwa mapema, pengine uzio huo ungesimama wakati hirola wakiwa bado wengi.

Yanayopaswa kuulizwa Voi

Kwa hiyo anayehudhuria shughuli ya uhifadhi mjini Voi ana haki ya kutoka na kitu zaidi ya fulana na chupa ya maji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la hirola ndilo la kwanza kufunguliwa. Ni wangapi walio Tsavo Mashariki mwaka huu? Ndama wangapi walizaliwa msimu uliopita, na wangapi walifikisha mwaka mmoja? Tarakimu hizo zitangazwe hadharani, zikiambatana na jina la taasisi iliyozihesabu na tarehe ya kuhesabu. Hesabu zinazojulikana kwa wataalamu pekee haziwezi kumfanya mwananchi awe mlinzi.

La pili ni mpango. Ishaqbini imeonyesha kwamba eneo dogo lenye uzio linaweza kukuza kundi. Serikali inapaswa kueleza kama njia hiyo inafaa Tsavo, itagharimu kiasi gani, na uzio huo utakaa wapi bila kufunga njia za ndovu na kuwasukuma zaidi mashambani. Jambo hilo la mwisho linawahusu watu wa Sagalla na Mbololo kuliko mgeni yeyote wa heshima, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.

La tatu ni deni. Fidia ambazo hazijalipwa ni sehemu ya bajeti ya kumlinda hirola hata kama hazitajwi hivyo. Familia iliyompoteza baba kwa ndovu na ikasubiri fidia kwa miaka haitashawishika na ngonjera kwamba swala wa kutoka Ijara ni urithi wake.

Mwisho ni uhusiano wa Voi na Ijara wenyewe. Wafugaji waliokwenda mahakamani mwaka 1996 na wakulima wanaolalamika Taita wana shauri moja, lakini nadra kukaa pamoja. Wa kwanza wana ujuzi wa kumkuza hirola juu ya ardhi yao. Wa pili wanaishi jirani na kundi la pekee lililo nje ya makazi hayo. Shughuli moja ya uhifadhi inayowaleta wazee wa Ishaqbini Voi, waeleze walichofanya na walichokosea, ingekuwa na faida kuliko risala kumi.

Sensa ya 2021 iliwahesabu hirola 497. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya bweni. Hakuna mbuga nyingine ya kuwakimbizia, wala ukoo mwingine wa kuwarithi. Kundi la Tsavo likiongezeka, Kenya itakuwa na makundi mawili yenye nguvu katika pande mbili za Mto Tana, na ukame mmoja au maradhi mamoja hayataweza kumfuta mnyama huyu. Likibaki pale lilipokuwa mwaka 1995, usalama wa hirola utaendelea kutegemea uzio mmoja na watu wa Ijara, wale wale ambao mwaka 1996 walilazimika kwenda mahakamani ili wasikilizwe.